TCP haijui ujumbe wako unaishia wapi

Mtu akianza kuandika programu mbili za C zinazozungumza kupitia mtandao, kinachomsumbua mwanzoni ni wingi wa funksheni: socket, bind, listen, accept, connect, send, recv. Hizo huzoeleka haraka. Hazijabadilika sana tangu zilipotoka na mfumo wa uendeshaji wa 4.2BSD huko Berkeley, California, mwaka 1983, na leo zimo katika maktaba ya C ya kila Linux. Kinachochelewa kueleweka, na ambacho huangusha programu zilizokwisha kupita majaribio yote, ni kwamba TCP, njia inayosafirisha data kati ya programu hizo, haibebi jumbe. Inabeba baiti, moja nyuma ya nyingine kwa mpangilio, basi.

Fikiria bomba la maji. Ukimimina ndoo mbili upande huu, anayekinga upande ule hapati ndoo mbili. Anapata maji, na atajaza chombo chochote alichoshika. Ukiita send mara mbili kwa baiti 100 kila mara, mwenzako anaweza kuita recv mara moja akapata 200. Anaweza pia kupata 37, kisha 163. Hakuna kilichopotea na hakuna kosa lolote. TCP imetimiza ahadi yake yote.

Ubaya ni kwamba kosa hili halionekani ukijaribu kwenye kompyuta moja. Kiolesura cha ndani cha Linux, chenye anwani 127.0.0.1, hupitisha pakiti ya hadi baiti 65536, kwa hiyo ujumbe wa baiti 4000 kwa kawaida hufika mzima. Kwenye Etheneti ya kawaida kikomo cha pakiti ni baiti 1500, na ukitoa vichwa vya IP na TCP, data yako inabakiwa na 1448 hivi. Ujumbe uleule sasa unasafiri vipande vitatu: 1448, 1448 na 1104. Anayesoma akiwahi kipande cha kwanza, recv humrudishia 1448, naye anadhani ndiyo habari yote.

Dawa ni kutoiamini recv moja. Soma mpaka utimize idadi unayoitaka:

```c
int soma_kamili(int s, void *bafa, size_t idadi)
{
    char *p = bafa;
    while (idadi > 0) {
        ssize_t n = recv(s, p, idadi, 0);
        if (n == 0)
            return 0; /* mwenzako amefunga */
        if (n < 0) {
            if (errno == EINTR)
                continue; /* ishara imeikatiza, rudia */
            return -1;
        }
        p += n;
        idadi -= n;
    }
    return 1;
}
```

Hapo kuna majibu matatu tofauti, na kuyachanganya ni chanzo cha taabu nyingi. Namba chanya ni baiti zilizofika. Sifuri maana yake mwenzako amemaliza kutuma na hatatuma tena. Ukiichukulia kama "bado hakuna kitu", programu itazunguka bure na kula prosesa asilimia 100. Hasi moja ni kosa, na sababu yake iko kwenye errno, kigeu cha C kinachoshika namba ya kosa.

Lakini unajuaje idadi ya kusubiri? Lazima uiandike mwenyewe kwenye itifaki yako, yaani kanuni za mazungumzo ya programu zako. Njia ninayoipendekeza ni kutanguliza baiti 4 za urefu, kisha mwili wa ujumbe. Mtumaji anapitisha urefu kwenye htonl, mpokeaji anaurudisha kwa ntohl, kwa sababu mtandao huweka baiti nzito mbele huku prosesa za Intel na AMD zikiiweka nyuma. Namba ya poti nayo inataka htons. Ukiisahau, seva uliyoiambia poti 8080 itasikiliza 36895, na utahangaika kutafuta kosa mahali ambapo halipo. Amri ya `ss -ltn` inaonyesha poti halisi zinazosikilizwa. Iwe ya kwanza kuita seva "isipojibu".

Ukishasoma urefu, ukague kabla ya kuomba kumbukumbu. Kama ujumbe wako mkubwa kabisa ni baiti 65536, chochote kinachozidi hapo funga muunganisho papo hapo. Baiti 4 zinaweza kudai karibu gigabaiti 4, na si lazima aliyezituma awe mwizi. Ukikuta kwenye faili la matukio (log) la seva mtu amedai baiti 1195725856, huyo ni kivinjari kilichobisha poti isiyo yake: hizo ni herufi G, E, T na nafasi, zikisomwa kama namba.

Kutuma nako kuna mtego wake. send inaweza kupokea baiti 3000 kati ya 4000 ulizoipa, hasa soketi, yaani ncha ya muunganisho unayoishika, ikiwa imewekwa isisubiri, kwa hiyo andika tuma_kamili yenye kitanzi kama kile cha juu. Kubwa zaidi: send ikirudi salama, haimaanishi mwenzako amepata. Inamaanisha keneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, imenakili data yako kwenye bafa yake, yaani kumbukumbu yake ya muda. Kama mwenzako amekwisha kufunga programu yake, send ya kwanza mara nyingi hupita vizuri, kompyuta yake inajibu kwa RST, pakiti ya kukata muunganisho ghafla, na send ya pili ndiyo inayogonga ukuta. Ukuta wenyewe ni ishara SIGPIPE, ambayo kwa kawaida huiua programu bila neno. Seva ikizimika ghafla na ganda (shell) likaonyesha namba 141, yaani 128 na 13, sababu ni hiyo. Weka MSG_NOSIGNAL kama kigezo cha mwisho cha send, nawe utapata EPIPE unayoweza kuishughulikia. Anayetaka hakika kwamba ujumbe umefika na kufanyiwa kazi hana budi kusubiri jibu kutoka kwa programu ya upande wa pili.

Tukirudi kwenye kuunganisha, kwa upande wa mteja acha kujaza muundo wa anwani kwa mkono. Tumia getaddrinfo, inayogeuza jina kuwa anwani: futa muundo wa maelekezo kwa memset, weka AF_UNSPEC na SOCK_STREAM, mpe jina na poti. Itakurudishia orodha, si anwani moja, na hapa wengi huchukua ya kwanza wakaishia hapo. Jina linaweza kuwa na anwani ya IPv6 iliyotangulia, wakati mtandao ulipo hauna njia ya IPv6. Pitia orodha yote: fungua soketi, jaribu connect, ikishindikana ifunge soketi hiyo na ufungue nyingine kwa anwani inayofuata. Mwishoni ita freeaddrinfo. Makosa ya getaddrinfo yasome kwa gai_strerror; perror itakudanganya, kwa kuwa funksheni hii haitumii errno kwa makosa yake mengi.

connect kwenye anwani isiyojibu kabisa hukaa dakika mbili na zaidi, kwani Linux hurudia ombi mara kadhaa na jumla yake ni kama sekunde 130. Hakuna mtumiaji atakayevumilia. Weka soketi katika hali ya kutosubiri kwa fcntl na O_NONBLOCK, ita connect, utapata EINPROGRESS, kisha subiri kwa poll na POLLOUT kwa muda unaoutaka, tuseme sekunde 5. poll ikirudi usishangilie bado: uliza matokeo kwa getsockopt na SO_ERROR, maana soketi iliyoshindwa nayo huonekana tayari.

Seva ina mpangilio wake: socket, setsockopt ya SO_REUSEADDR, bind, listen, kisha accept ndani ya kitanzi. SO_REUSEADDR lazima itangulie bind. Bila hiyo, ukiizima seva iliyokuwa na wateja na kuiwasha tena mara moja, bind hugoma na EADDRINUSE, kwa sababu miunganisho iliyofungwa na seva hubaki katika hali ya TIME_WAIT kwa sekunde 60. Ukiipa bind anwani 127.0.0.1, kompyuta nyingine hazitakuona. Kwa IPv4 tumia 0.0.0.0. accept hukupa soketi mpya kwa kila mteja, na kila moja lazima ifungwe, hata kwenye njia za makosa. Seva inayofanya kazi vizuri saa kadhaa kisha ikakataa wateja wote kwa EMFILE inavuja soketi. Kikomo cha kawaida cha mafaili wazi, soketi zikiwemo, kwa programu moja ni 1024.

Sasa ukimya. Umeme ukikatika upande wa mteja, au simu ikaingia mahali pasipo na mtandao, hakuna anayetuma taarifa ya kufunga. Seva iliyokaa kwenye recv itasubiri milele, kwa kuwa TCP isiyo na data ya kutuma haiulizi kitu. SO_KEEPALIVE, inayoiambia keneli imuulize mwenzako kama bado yupo, peke yake haitoshi: Linux husubiri sekunde 7200 kabla ya kuuliza mara ya kwanza, kisha huuliza mara 9 kila baada ya sekunde 75. Zaidi ya saa mbili. Punguza: TCP_KEEPIDLE 60, TCP_KEEPINTVL 10, TCP_KEEPCNT 5, na mfu atajulikana baada ya sekunde 110 hivi. Kwa wateja wa simu hili lina umuhimu wa pili, kwani mitandao ya simu huwapitisha watu wengi kwenye anwani moja ya nje na huweza kusahau muunganisho uliokaa kimya. Hata hivyo ujumbe mfupi wa "upo?" ndani ya itifaki yako ni bora zaidi, maana keneli inaweza kujibu keepalive wakati programu yenyewe imeganda.

Jambo dogo linalowatesa wanaotumia baiti 4 za urefu: usitume urefu kwa send moja na mwili kwa send nyingine. Kanuni ya Nagle, ya mwaka 1984, huzuia kipande kidogo cha pili mpaka cha kwanza kithibitishwe, na mpokeaji naye anaweza kuchelewesha uthibitisho kwa milisekunde 40. Unganisha vyote kwenye bafa moja, au tumia writev, inayotuma bafa kadhaa kwa mwito mmoja. TCP_NODELAY nayo huondoa ucheleweshaji, ila kuunganisha ni safi zaidi kwa sababu pakiti pia zinapungua.

Kabla ya kuipeleka kazi nje, fanya majaribio mawili. La kwanza, badilisha kwa muda idadi ndani ya recv iwe 1. Programu itakwenda polepole, lakini lazima itoe majibu yaleyale kabisa. Ikitoa tofauti, mahali fulani bado unaamini recv inaleta ujumbe. La pili, chelewesha mtandao wa ndani kwa `tc qdisc add dev lo root netem delay 100ms`, uone jinsi kila kwenda na kurudi kunavyochukua milisekunde 200, kisha uiondoe kwa `tc qdisc del dev lo root`. Amri hizo mbili za tc zinataka haki za root.

Na unapoaga, aga kwa utaratibu. Ukiita close huku kuna baiti ambazo hujazisoma kwenye bafa ya kupokelea, Linux hutuma RST badala ya kufunga kwa kawaida, na jibu la mwisho ulilotuma linaweza kufutika kwa mwenzako kabla hajalisoma. Ita shutdown na SHUT_WR, endelea kusoma mpaka recv irudishe sifuri, ukiwa umeweka SO_RCVTIMEO ya sekunde chache ili usikwame, ndipo uite close.