Megapikseli Sitini za Kazi Gani?

Mtu akinunua kamera mpya, swali la kwanza analoulizwa ni lile lile: ina megapikseli ngapi, yaani pikseli (nukta zinazounda picha) milioni ngapi? Sishangai, kwa sababu hiyo ndiyo sifa pekee ya kamera inayoweza kulinganishwa na mtu yeyote bila kuishika wala kuiona picha yake, ilhali ubora wa lenzi au uwezo wa kufanya kazi kwenye mwanga hafifu hauelezeki kwa tarakimu moja. Hata hivyo, kila toleo jipya linapotangazwa naona wapiga picha wenye kamera nzuri kabisa wakianza kuzionea haya kamera zao, na jambo hilo linanisikitisha.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana watu wengi huamini kwamba kamera ya megapikseli 48 huonyesha undani mara mbili ya ile ya 24. Sivyo. Megapikseli huhesabu eneo zima la picha, yaani pikseli za upana zikizidishwa kwa za urefu, kwa hiyo idadi ikiongezeka mara mbili, kila upande huongezeka kwa takriban asilimia 41 tu. Ili kupata undani maradufu kwa kila upande inabidi idadi iongezwe mara nne, kutoka 24 hadi 96. Ndiyo maana mtu anayetoka kwenye 24 kwenda kwenye 33 huweka picha mbili sambamba na kutafuta tofauti kwa shida.

Picha ya megapikseli 24 kwa kawaida ina pikseli 6000 kwa 4000. Ukiichapisha kwa nukta 300 kwa kila inchi, kiwango kinachotosha hata kwa mtu anayeisogeza picha karibu na macho, unapata karatasi ya takriban sentimita 50 kwa 34, ambayo ni kubwa kuliko A3. Picha kubwa zaidi ya hapo hutazamwa kwa mbali, na bango la barabarani linaweza kuchapishwa kwa nukta chache sana bila mpita njia kugundua. Ama skrini, ile ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, ambazo hazifiki hata milioni 9. Nikon D1 ya mwaka 1999 ilikuwa na megapikseli 2.7 tu, na wapiga picha wa magazeti waliifanyia kazi za kila siku.

Sasa kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi. Kadiri pikseli zinavyosongamana kwenye kihisi, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, ndivyo kila udhaifu wa mpigaji na wa lenzi unavyofichuka. Chukua picha ya uso iliyopigwa kwa lenzi ya milimita 85, kamera ikiwa mkononi, kwa kasi ya shata ya sekunde 1/100. Ukiitazama nzima inapendeza, lakini ukiikuza hadi kila pikseli ionekane, kope za macho, ambazo zilipaswa kuwa nywele nyembamba zinazohesabika, zimekuwa michirizi minene yenye kivuli upande mmoja. Kanuni ya zamani iliyotaka kasi isipungue moja kugawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi, hapa 1/85, haitoshi tena hapo. Mimi hupandisha hadi 1/200 au zaidi. Kidhibiti cha mtikisiko husaidia mkono wa mpigaji, lakini hakimzuii anayepigwa picha kusogea. Na kasi ikipanda mwanga hupungua, ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) hupanda, na chembechembe zinazotokea hula ule undani ulioulipia.

Lenzi nayo ina mipaka yake ya kimaumbile. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika, kiasi kwamba kwenye f/16, yaani tundu la lenzi likiwa limebanwa sana, nukta moja ya mwanga hutua kwenye kihisi kama duara lenye kipenyo cha mikroni (sehemu za elfu za milimita) zipatazo 21. Kwenye kihisi cha fremu kamili, chenye ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35, kikiwa na megapikseli 24, pikseli moja ina upana wa mikroni 6. Kwenye cha megapikseli 61, kama kile cha Sony A7R IV ya mwaka 2019, haifiki 4. Katika hali zote mbili duara limeenea juu ya pikseli kadhaa, kwa hiyo anayepiga mandhari kwa f/16 siku zote hupata faida ndogo mno kutokana na pikseli za ziada. Picha yake haiharibiki, ila faili linakuwa kubwa, na kompyuta, diski na nakala za akiba vyote hudai fedha.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili. Sony walikuwa na A7R ya megapikseli 36, na bado mwaka 2014 wakatoa A7S yenye 12 tu kwa ajili ya video na mwanga hafifu. Simu ya Samsung Galaxy S20 Ultra ilitangazwa kwa megapikseli 108, lakini kwa kawaida huunganisha pikseli tisa kuwa moja na kukupa picha ya 12.

Sisemi kwamba pikseli nyingi hazina kazi. Anayepiga ndege wa porini, ambao hawamsubiri mtu awasogelee, ana haki ya kutaka nafasi ya kukata picha na kubaki na robo yake. Anayenakili michoro na nyaraka za kale kwa ajili ya makumbusho anahitaji kila uzi wa turubai uonekane. Mpiga picha za mavazi naye hunufaika, kwa kuwa vitambaa vyenye mistari myembamba huleta mawimbi ya rangi za uongo pale pikseli zinapokuwa chache. Hawa wanunue bila wasiwasi, ila wanunue na lenzi zinazostahili, tripodi imara na diski za kutosha.

Kwa wengine wote, ushauri wangu ni kuichukua picha bora uliyonayo, kuichapisha kwa ukubwa wa juu kabisa ambao mteja amewahi kukuomba, na kuikagua kwa karibu. Ikiwa inakosa ukali, angalia kwanza fokasi, kasi na lenzi. Mimi nimebaki na megapikseli 24, na fedha ninazoweka akiba kwa sasa ni za lenzi na taa.