Siku moja mezani kwa fundi wa kadi za grafiki

Wengi wakisikia kazi yangu ni kuzifanya kadi za grafiki, zile zinazochora picha za kompyuta, ziende mbio kuliko zilivyotoka kiwandani, wanadhani nashinda nikicheza gemu. Gemu sina muda nazo. Mimi nashinda na alkoholi ya kusafishia, skrubu ndogo zinazopenda kupotelea chini ya meza, na kusubiri.

Saa 2 asubuhi nafungua na kuangalia kadi iliyokesha kwenye majaribio. Haikuzima, skrini haikutoa vidoa. Naifungasha. Mpaka saa 4 ni kazi za kawaida: kupuliza vumbi, kubadilisha feni inayolia, kupaka pasta mpya ya kupitisha joto kati ya chipu na kipoza pale ya zamani ilipokauka.

Saa 4 na kitu akaingia kijana na kadi mkononi, haina hata mfuko.

"Fundi, nataka uipige volteji."

"Kiasi gani?"

"Weka 1.2. Nimeona watu wanaweka."

Nikamwambia, mdogo wangu, kadi yako ikifanya kazi inatumia kama volti 1.05. Umeme inaokula unapanda kwa mraba wa volteji, kwa hiyo ukifika 1.2, chipu iliyokuwa inakula wati 200 itadai karibu 260 kabla hujaongeza hata megahezi moja ya spidi. Wati zote hizo mwisho wake ni joto. Litakwenda wapi?

"Si kuna feni?"

Sikubishana. Nikaichomeka kwenye mtambo, nikaipa mzigo. Wastani wa joto la chipu nyuzi 76, si mbaya. Lakini ile sehemu yenye joto kali kuliko zote ilisoma 106. Tofauti ya nyuzi 30! Kadi iliyofungwa vizuri huwa na tofauti ya 10 hadi 15 hivi. Nikamuuliza nani aliifungua.

"Haijafunguliwa hiyo."

Skrubu nne za katikati zimechubuka vichwa vyote. Nikamwonyesha. Akazitazama, akasema labda kiwandani. Nikanyamaza nikimwangalia, mpaka akakumbuka kwamba binamu yake "alibadilisha pedi tu".

Hizo pedi ndizo zilizoharibu. Pedi hukaa juu ya chipu za memori kupeleka joto kwenye kipoza, na unene wake ni sheria. Binamu aliweka za milimita 2 mahali pa 1.5. Nusu milimita inatosha kukiinua kipoza upande mmoja, chipu kuu ikabaki haijaguswa sawasawa. Nilipokifungua, pasta ilikuwa imebanwa nyembamba kona moja, na kona ya pili bado nene kama ilivyopakwa. Nikasafisha, nikapima pengo, nikakata pedi mpya, nikafunga skrubu kwa kupishana pembe kwa pembe. Katikati ya hayo akataka nimwekee metali ya kimiminika badala ya pasta. Kipoza chake sehemu inayogusa chipu kina alumini, na galiamu iliyomo kwenye metali hiyo inaila alumini mpaka inakatika mkononi. Tena inapitisha umeme. Tone moja likidondoka pabaya hakuna kadi tena. Nikakataa.

Tukaipima upya: wastani 71, sehemu kali 84. Na kwa kuwa kadi za siku hizi hujiongezea spidi zenyewe zikikuta ubaridi, ikapanda megahezi 45 bila mtu kugusa volteji. Kwangu mimi hiyo ilikuwa kazi imekwisha.

"Sasa volteji, fundi."

Mchana kwa hiyo ukaenda kwenye volteji. Kazi yenyewe ukiieleza ni fupi. Kuna chipu ndogo inayosimamia volteji ya kadi, na inajua iliyopo kwa kuionja kupitia mguu mmoja. Ukiunganisha rezista ya kuzungusha kati ya mguu huo na graundi, chipu inaona volteji pungufu kuliko iliyopo, inaongeza. Rezista lazima ianze ikiwa kwenye omu zake za juu kabisa, yaani upinzani mkubwa, kisha unaishusha taratibu mita ikiwa mbele yako. Ukianzia chini, umeua kadi kwa sekunde moja.

Lakini mguu wenyewe ni mwembamba kuliko ncha ya penseli, na graundi ya kadi inameza joto la chuma cha kulehemu hadi solda inagoma kuyeyuka. Unapasha bodi nzima kwanza, unazuia pumzi, unagusa, unatoa. Waya uwe mfupi, kisha uugandishe kwa gundi ya moto, maana ukivutwa unang'oka na kile kipande cha shaba. Kijana kasimama nyuma yangu anapiga picha kwa mwanga wa simu. Nikapima omu za njia ya chipu kuu, mita ikalia, akaruka, "Shoti!" Si shoti. Chipu kubwa ikiwa nzima husoma chini ya omu moja.

Tukapanda polepole. Kwenye 1.1 kadi ikaanza kujipunguzia spidi kwa sababu imefika kikomo chake cha wati. Hapo tena kazi nyingine: juu ya rezista ya miliomu 5 ambayo kadi hupimia umeme wake nikapandisha ya 15, umeme ukapata njia mbili na upinzani ukashuka hadi 3.75, kadi ikasoma robo tatu tu ya umeme unaopita. Ya upande wa soketi ya bodi kuu ya kompyuta, kadi inapochomekwa, sikuigusa wala sitaigusa. Soketi ile imepangiwa wati 75, na kadi ikidanganywa kuhusu hizo, anayeungua ni bodi kuu.

Kuanzia hapo saa sikuziangalia tena. Unaongeza megahezi 15, unasubiri, vidoa vinatokea, unarudi nyuma. Mgongo unauma, macho yanawasha kwa moshi wa solda, giza limeshaingia. Ikatulia kwa volti 1.1, megahezi 60 juu ya pale tulipoanzia mchana, sehemu kali nyuzi 93. Nikaifunga ile rezista kwa tone la rangi ya kucha isizunguke yenyewe.

"Sitini tu?"

"Sitini, na inaishi."

Akalipa akiwa amenuna. Mimi ile solda niliipiga picha, maana ilikaa inang'aa, haina mkia, na hakuna atakayeiona chini ya kipoza.

Nimeshalala, simu ikaita ujumbe. Ni yule kijana: kuna mtu amemwona kafika volti 1.3. Nikamjibu kwamba huyo anamimina naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, anatafuta rekodi na si kadi ya kucheza nayo gemu kila siku.

"Sawa fundi. Na hiyo naitrojeni wewe unafanya?"