Ukuta wa Karavani Huanzia Dukani: Kukunja Plaiwudi Nyembamba

Kati ya kazi zote za kulifufua karavani la zamani, yaani nyumba ndogo ya kuvutwa kwa gari, hakuna inayowatia mafundi hofu kama kuta za ndani zenye mviringo. Bati la nje likibonyea hunyooshwa, na sakafu iliyooza hung'olewa ikawekwa mpya, lakini plaiwudi ya milimita 3 ikipasuka katikati ya mkunjo haina dawa. Karavani tulilonalo sasa katika karakana yetu hapa Jinja ni la miaka ya 1960, na mwenyewe anakusudia kulifanya chumba cha wageni karibu na Mto Nile. Ukuta wake wa mbele hupanda kutoka sakafuni na kujikunja taratibu hadi ukawa dari bila kona yoyote, na pale penye mkunjo mkali zaidi nusu kipenyo chake ni sentimita 45 hivi. Wanaopita kututazama hutaka kujua tunatumia mvuke wa namna gani. Jibu langu huwa kwamba kazi hii kwa sehemu kubwa huamuliwa dukani, siku ya kununua mbao, na kwamba fundi aliyechagua vibaya hataokolewa na birika wala pasi.

Plaiwudi ya milimita 3 kwa kawaida ina matabaka matatu. Nyuzi za tabaka la katikati hulala kukingama nyuzi za matabaka mawili ya nje, na kwa kuwa ukakamavu wa ubao hutoka zaidi kwenye matabaka ya nje, ubao huo hukubali kukunjwa upande mmoja na kugoma upande wa pili. Ukiuviringisha hadi ukawa bomba, nao ukiwa na nyuzi za nje zinazofuata urefu wa bomba hilo, utakutii kwa mikono mitupu. Ukizilazimisha nyuzi zenyewe zipinde, utasikia mlio wa kukatika mapema sana. Tofauti si ndogo. Vipimo vya APA, chama cha watengenezaji wa plaiwudi cha Marekani, huruhusu ubao mkavu wa robo inchi, yaani milimita 6 na ushei, ukunjwe kwa nusu kipenyo cha futi 2 upande ulio rahisi, ilhali upande mgumu huhitaji futi 5, tena kwa sharti kwamba mahali pa mkunjo hapana mafundo wala nyuzi zilizokatika. Unene ukipungua kwa nusu, mvutano kwenye uso wa nje wa mkunjo uleule nao hupungua kwa nusu, ndiyo maana ubao wa milimita 3 unaweza kuifikia sentimita 45 yetu ukiwa mkavu kabisa, mradi tu umelazwa upande wake rahisi.

Sisi hununua mbao Ndeeba, Kampala, ambako plaiwudi huuzwa kwa kipimo cha futi 8 kwa 4. Nyingi zina nyuzi za nje zinazofuata urefu wa futi 8, lakini si zote, na hilo ndilo jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisumbukia. "Bosi, plaiwudi ni plaiwudi, wewe chukua tu," aliniambia kijana mmoja wa hapo. Nikamwomba, "Ndugu yangu, nishushie ile ya chini niione nyuzi zake." Wachukuzi, kwa upande wao, wanalijua jambo hili bila kulisoma popote: mchukuzi anapotaka kuifunga plaiwudi nyembamba kwa kamba ili aibebe begani, huijaribu kwanza kwa magoti, kisha akaizungushia upande ulio laini. Ukitazama bomba lililotoka mikononi mwake, umekwisha kujua nyuzi zimeelekea wapi.

Baada ya nyuzi, ninatazama ukingo. Mahali ambapo tabaka la katikati lina pengo, hata dogo la kuingia ukucha, ndipo ubao utakapovunjika kwa kona badala ya kupinda, kwa sababu hapo tabaka la nje halina kinachoushikilia mgongo wake. Gundi nayo ina maneno yake. Mbao nyingi za bei nafuu zimeshikwa kwa gundi ya yurea, ambayo haipendi maji ya moto. Zile zenye gundi ya fenoli, ambazo hupigwa mhuri wa WBP (kifupi cha Kiingereza cha kuhimili hali ya hewa na kuchemshwa), huvumilia maji ya moto. Mihuri huweza kupigwa na yeyote, kwa hiyo mimi hukata kipande cha upana wa kiganja, nikakichemsha sufuriani muda wa saa moja, kisha nikajaribu kukifungua kwa ncha ya kisu. Kikifunguka, ubao huo utakunjwa mkavu au hautakunjwa kabisa.

Sasa lije suala la maungio, ambalo ndilo huleta ubishi na wateja. Mhimili wa mkunjo wa ukuta wa mbele unalala kukatiza upana wa karavani, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na kwa hiyo nyuzi za nje nazo lazima zilale hivyo. Hii ina maana kwamba ubao wa futi 8 unawekwa kwa kulala, si kwa kusimama, na kwamba kila baada ya futi 4 za kupanda kutakuwa na ungio linalokatiza ukuta mzima. Mteja anatamani ubao mmoja unaopanda kutoka sakafuni hadi darini bila alama. Ninamwelewa, lakini anachokiomba ni kukunja upande mgumu. Watengenezaji wa Marekani wa miaka ya 1950, Shasta wakiwa miongoni mwao, walitandika ndani plaiwudi nyembamba ya birchi na kuyafunika maungio kwa ukanda mwembamba wa mbao, na leo hii ukanda huohuo ndio unaolipa karavani la zamani sura yake. Siuoni ubaya wa ungio lililofunikwa vizuri, na ni heri nimkabidhi mteja karavani lenye maungio manne yaliyonyooka kuliko lenye ubao mmoja unaosukuma skrubu zake kila jua linapowaka.

Maji ninayatumia pale tu mkunjo unapokuwa mkali kuliko ubao unavyotaka, na ninayaweka nyuma. Uso unaoloweshwa hutanuka, na ukitanuka ubao wenyewe huanza kujikunja kuelekea upande mkavu. Kwa kuwa ukuta, kwa aliye chumbani, umebonyea kama ndani ya bakuli, upande wa kulowesha ni ule wa nyuma utakaoegemea mbavu za fremu ya karavani, na uso wa maonyesho unabaki safi bila madoa. Ninatandaza taulo kuukuu lililoloweshwa kwa maji ya moto, kisha nikapitisha pasi ya mkaa juu yake polepole hadi mvuke upenye. Hapa kwetu, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za selsiasi, na joto hilo linatosha kuilegeza lignini, ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti. Mkanda wa kukazia mizigo wenye ndoano za chuma usiugusishe na mbao mbichi hivyo, hasa zikiwa za mkaratusi, kwa kuwa tanini ya mti ikikutana na chuma na maji huacha doa jeusi ambalo msasa haulimalizi.

Ubao uliolowa unafungwa kwanza kwenye kalibu. Kalibu yetu ni mbavu za mbao za misonobari zilizopigiliwa fito, nayo imekatwa kwa mkunjo mkali kidogo kuliko ule wa ukuta, kwa sababu ubao ukifunguliwa hurudi nyuma. Katika misimu ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, ukaukaji huchelewa sana na hakuna njia ya mkato yenye heshima: ubao ukifungwa ukutani ukiwa bado mbichi utasinyaa, na maungio yatafunguka. Kukata mifereji kwa msumeno nyuma ya ubao wa milimita 6, kama wanavyofanya maseremala wa kaunta za baa, sikushauri hapa. Vanishi ikishapakwa, mwanga wa dirisha utaonyesha kila mfereji kama ubavu wa ng'ombe aliyekonda. Penye haja ya ukuta mnene, gundisha mbao mbili za milimita 3 juu ya kalibu, kwa gundi inayokauka ikawa ngumu. Gundi nyeupe ya maseremala huteleza polepole ikikaa chini ya mvutano, na mkunjo hufunguka nayo.

Wakati wa kufunga, anza ukingo mmoja na uende nao hadi wa pili, ukiusukuma ubao dhidi ya kila ubavu kabla ya kutia skrubu, kwani ukifunga kingo zote mbili kwanza utabaki na uvimbe katikati. Miti miwili mitatu ya mkaratusi, ileile wanayoegemezea zege, inatosha kuushikilia ubao huku msaidizi akifunga. Mgongo wa ubao uwe umekwisha kupakwa vanishi, ila baada ya kukunjwa na kukauka, si kabla, maana vanishi huzuia maji kuingia. Tundu la dirisha hukatwa mwisho kabisa, ukuta ukiwa umekwisha kufungwa pande zote: ubao uliotobolewa kabla ya kukunjwa hupinda zaidi penye tundu, ambako umebaki mwembamba, na fremu ya dirisha haitakaa.