Mpira wa kushoto

Jumamosi tulikuwa tunateremka Kikafu nyuma ya pikapu iliyosheheni mikungu ya ndizi, mwanangu akaziba pua. "Mama, nini kinaungua?"

"Breki."

"Breki inaungua bila moto?"

Sikumjibu. Harufu ile ilikuwa imeshanifikisha Pasua, Moshi, gereji kwa Baba Mkubwa, mwaka 1998, nikisubiri matokeo ya kidato cha nne.

Ilikuwa Datsun 240Z ya njano, milango miwili, silinda sita, pua ndefu. Mwenyewe, mzee mstaafu, aliipenda kama mboni ya jicho. Kila akija alianza na habari ile ile: Datsun kama hii ilishinda Safari Rally mwaka 1971, ikashinda tena 1973 Shekhar Mehta akiwa kwenye usukani. Tulimsikiliza kila mara, maana alisimulia vizuri. Alitaka kwenda nayo Arusha, kilometa kama 80, kwenye harusi ya mjukuu wake.

Lakini ilikuwa inakamata breki. Akizunguka mjini kidogo tu inavuta kushoto, na rimu ya mbele upande huo haishikiki kwa moto. Ikipoa nusu saa, tairi linalegea lenyewe.

Mimi ndiye niliyesema ni kalipa, kile chuma chenye pistoni zinazosukuma pedi zibane diski ya tairi. Mvua za El Niño zilikuwa zimeinyeshea gari miezi kadhaa chini ya turubai lililochanika, na nikaona pistoni zimeshika kutu, basi. Baba Mkubwa akakubali. Tulipofungua, kweli pistoni zote mbili zilikuwa na madoa ya kutu. Mzee akaagiza sili mpya, zile raba za kuzunguka pistoni, kutoka Nairobi kwa hela yake ya pensheni, wiki mbili zikapita, tukasafisha, tukafunga, tukatoa hewa. Baba Mkubwa akaendesha hadi Kiboriloni na kurudi. Aliposhuka sikuhitaji kumuuliza. Harufu ilikuwa imeingia kabla yake.

Jioni ile tukapiga jeki upande wa mbele. Nikakaa ndani.

"Kanyaga. Achia."

Tairi la kulia likazunguka. La kushoto, gumu kama jiwe. Basi si masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga breki, akasema, ingekuwa hiyo yangekamata yote mawili. Akachukua spana namba kumi, akalegeza nati pale bomba la chuma linapoungana na mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye kalipa. Yakatoka matone machache. Akajaribu tairi: gumu vile vile. Akakaza, akanitazama.

"Njoo ufungue nipeli wewe, ile ya kutolea hewa kwenye kalipa."

Nikapiga magoti kwenye mchanga uliolowa oili. Mkono mmoja spana, mwingine juu ya tairi. Nilizungusha robo tu. Mafuta yakaruka, yale tuliyotia juzi, bado masafi, yakanipiga kwenye kiwiko yakiwa ya moto. Na papo hapo, chini ya kiganja changu, tairi likaachia. Halikufanya kelele. Nilihisi tu kitu kikilegea, kama mtu anayeshusha pumzi aliyoibana muda mrefu. Baba Mkubwa akalisukuma kwa kidole kimoja, likazunguka, likazunguka, na vivuli vya rimu vikapita usoni kwake.

Alitoa ule mpira akaupasua kwa wembe kwa urefu. Nje ulikuwa mzima, hauna hata ufa. Ndani ulikuwa umevimba kwa uzee, kiasi kwamba njiti ya kiberiti haikupita. Akanielewesha taratibu: mguu una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapenye hapo, lakini ukiachia hakuna nguvu kama hiyo ya kuyarudisha. Presha inabaki kwenye kalipa, pedi zinaendelea kuibana diski.

Mipira miwili mipya ilipatikana Arusha, tukabadilisha pande zote, mzee akaenda harusini. Aliporudi alituletea keki imefungwa kwenye karatasi.

Wakati tunakula, akatoa risiti ya sili kwenye mfuko wa shati. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, "Mwanangu, kwani hizi nazo zilikuwa na kazi?"

Nilimtazama Baba Mkubwa. Usiku uliotangulia nilikuwa nimemwambia kwamba tumrudishie mzee hela yake, naye akanijibu: kutu si uliiona kwa macho yako? Niliiona. Sili zile zilikuwa za zamani na zingemsumbua siku moja. Lakini si zilizokamata tairi, na aliyezitaja ni mimi, kabla sijagusa spana.

"Zilikuwa na kazi, babu," nikasema.

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi, na Jumamosi nimelirudia tena mpaka Boma Ng'ombe. Kuna siku naliona ni la kweli kabisa. Siku nyingine namwona tu mzee akisema, "Haya, mwanangu," akaikunja ile risiti mara nne, akairudisha mfukoni.