Shimo la almasi linatisha, ila mi naogopa tope

Watu wakiongelea uharibifu wa migodi ya wazi ya almasi, picha inayorushwa ni ileile, lile shimo la Mirny kule Urusi, mita 525 kwenda chini. Sawa, linatisha. Lakini shimo halihami. Kinachohama ni tope.

Cheki hesabu kwanza. Karati 1 ni gramu 0.2. Letšeng kule Lesotho wanapata karati kama 2 tu kwenye tani 100 za mwamba, yaani hata nusu gramu haifiki, na bado inawalipa kwa sababu mawe yao ni makubwa. Sasa hizo tani 100 zinaenda wapi? Zinabaki hapohapo. Mwamba unasagwa, unaoshwa, almasi zinachambuliwa kwa uzito na kwa mashine za eksirei, hakuna sianidi wala zebaki kama kwenye dhahabu, ndo maana watu wa almasi wanapenda kujisifia usafi. Ila mwamba wa kimberlaiti, ule unaobeba almasi, ukisagwa unatoa udongo laini wa mfinyanzi, ule unaonyonya maji na kuvimba, chembe zake zinachukua muda mrefu sana kutuama, kwa hiyo bwawa wanakomwaga hilo tope juu unaliona limekauka limepasukapasuka ukadhani unaweza kukatiza, kumbe chini bado uji. Na ukuta unaozuia huo uji mara nyingi umejengwa kwa mabaki hayohayo ya mgodi!

Jagersfontein, Afrika Kusini, uchimbaji ulisimama 1971, baadaye wakaja wengine kuosha upya mabaki ya zamani, tarehe 11 Septemba 2022 ukuta ukapasuka, tope likasomba nyumba na watu wakafa. Miaka 50 na ushee baada ya kuacha kuchimba. Haijaisha hata miezi miwili, tarehe 7 Novemba, bwawa la Mwadui Shinyanga nalo likaachia, nyumba na mashamba ya watu yakafunikwa. Mwaka mmoja nyuma yake tope la mgodi wa Catoca, Angola, lilivuja, mto Tshikapa ukabadilika rangi ukawa mwekundu mpaka ndani ya Kongo, samaki wakafa, na serikali ya Kongo ikasema watu 12 wamepoteza maisha. Nchi nyingine kabisa hiyo, mgodi wenyewe hata hawauoni.

Shimo nalo lina kesi yake, sikatai, pampu zikivuta maji usiku na mchana ili wachimbe pakavu, maji ya ardhini yanashuka na visima vya jirani vinaweza kukauka. Lakini pampu ikizimwa maji yanarudi taratibu. Ukuta wa tope hauna cha kuzima, unataka mtu wa kuukagua kila mvua ikinyesha, miaka na miaka.

Viwango vya kimataifa vya mabwawa haya vipo, vilitoka Agosti 2020 baada ya maafa ya bwawa la mgodi lililopasuka Brumadinho kule Brazili, ila ni vya hiari. Na vinategemea mgodi uwe na mwenyewe. Kampuni ikishafilisika au ikauza mabaki kwa mtu mwingine, huyo mkaguzi analipwa na nani?