Adui Naye Ana Kwao

Kijana wangu ana miaka sita na sheria zote za picha anazijua: staringi hafi, adui hana maana, na anayepiga ngumi ya mwisho ndiye mwenye haki. Hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha. Amezipata kibanda umiza cha mtaa wa nyuma, wanakoonyesha picha za kutafsiriwa huku spika imeelekezwa barabarani, akazileta nyumbani zikiwa kamili. Jioni akishaoga ananiuliza, "Mama, leo staringi nani?" Anajua ni Somoe. Anauliza kwa sababu anapenda nimtaje.

Somoe nimemtunga mwenyewe. Ni binti wa hapa hapa Lindi, kwao ni ng'ambo ya Kitunda, asubuhi anavuka na kivuko kuja shule mjini. Upanga hana wala hatoi moto machoni. Ana doti ya kanga aliyoachiwa na bibi yake, imeandikwa WEMA HAUOZI. Kipande kimoja akijifunga kiunoni na kingine akakitupia mabegani, anaruka juu ya minazi na kuivuka ghuba kabla kivuko hakijang'oa nanga. Lakini kanga ile ina kazi nyingine. Akimfunika mtu kipande kimoja, papo hapo Somoe anasikia mwilini mwake yote anayoyasikia yule mtu: njaa yake, hofu yake, aibu yake. Na kipande kikishatoka mabegani, haruki tena. Atatembea kwa miguu mpaka jambo liishe.

Sharti hilo wanangu walilipinga kwa nguvu. Kwa nini asibaki na vyote viwili? Kwa nini mama yake asimnunulie doti nyingine sokoni? Mdogo mtu, wa kike, ana miaka mitatu, alitaka kumpa moja ya zangu. Nikakataa, na ninaendelea kukataa, kwa sababu hapo ndipo hadithi yenyewe ilipo. Kumsikiliza mtu kunakupunguzia mwendo. Ukimpa nafasi aliyeumia, kuna kitu chako kinasimama. Mtoto asiyeambiwa hivyo ataudhani wema ni kitu cha bure, na siku ukimgharimu atauacha.

Hadithi zetu ni za baada ya isha. Wote wawili wanalala chini ya chandarua kimoja, mimi nakaa ukingoni mwa kitanda, na mama mkwe wangu anavuta kigoda mlangoni. Yeye ndiye mwenye "Paukwa!" na watoto ndio wenye "Pakawa!" Bila hilo hairuhusiwi kuanza. Yeye ni Mmwera wa Ruangwa, amekulia kwenye hadithi za sungura na fisi, na Somoe alimkubali pale tu aliposikia kwamba kanga ni ya bibi.

Nilipoanza kumtunga Somoe nilikuwa nimesoma utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Sarah Coyne wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, pamoja na wenzake. Walifuatilia watoto 240 wa umri wa chekechea. Wale waliozama zaidi kwenye mashujaa wa televisheni, baada ya mwaka mmoja ndio walioonekana kuwa wagomvi zaidi, na wala hawakuwa watetezi zaidi wa wanaoonewa. Nililifikiria jambo hilo muda mrefu, maana mashujaa wale karibu wote wanatetea wanyonge. Ndiyo kazi yao. Imekuwaje mtoto akachukua ngumi na kuacha utetezi?

Nadhani mtoto anachukua kile kilichopewa muda. Kwenye picha, kipigo kinakwenda dakika nyingi, kina muziki, kina damu, watu wanarushwa ukutani. Huruma inasemwa mwishoni kwa sentensi moja, staringi akiwa anaondoka. Na hadithi ya kulalia ina balaa lake zaidi: ukiliweka funzo mwishoni, halimkuti mtu macho. Wangu wanasinzia kabla hatujafika huko. Kwa hiyo nikaamua kwamba sehemu ndefu kuliko zote kwenye hadithi ya Somoe iwe nyumbani kwa adui. Tunaingia ndani. Tunaona analala wapi, anakula nini, nani anamsubiri, nani alimtendea nini. Adui naye ana kwao.

Adui wa kwanza aliitwa Kishindo, mvuvi wa baruti. Huku kwetu pwani ya kusini baruti haihitaji maelezo. Hata watoto wanajua. Chupa inatupwa, maji yanapaa, samaki wanaelea matumbo juu, wakubwa kwa vichanga. Chini matumbawe yanabaki vipande vipande, na matumbawe ndiyo nyumba ya samaki. Baada ya hapo mwenye ndoano anakaa mchana kutwa anarudi na maji kwenye mtumbwi. Niliposimulia hayo, kijana wangu alikaa kitako akatoa hukumu: "Papa ammeze." Akaonyesha na jinsi, kwa mikono yote miwili.

Somoe akatua juu ya chombo cha Kishindo, akamfunika kanga. Nikawauliza wanangu: mnadhani alisikia nini? Kimya. Nikaanza na mkono. Somoe alisikia mkono wa kushoto unawasha mahali pasipo na vidole, maana baruti iliwahi kulipuka mapema. Akasikia njaa, na juu ya njaa wasiwasi: deni. Nyavu zake zilichanwa usiku na chombo kikubwa, akakopa, tajiri wa samaki akamwambia nyavu sina, lakini baruti ninayo, nenda ukanilipe. Nikawapeleka mpaka nyumbani kwake, kwa mtoto aliyelala na uji wa chumvi. Kijana wangu alisikiliza bila kujigeuza, halafu akasema, "Kumbe adui ni yule tajiri." Nikamwambia kesho tutakwenda na kwa tajiri. Akakasirika. Alitaka angalau mmoja abaki wa kupigwa.

Hapa nataka nieleweke, kwa sababu baba yao alinishika hapo hapo. Kumhurumia Kishindo si kumruhusu. Somoe aliichukua baruti yote akaikabidhi kwa askari wa doria, na Kishindo alisimama mbele ya kijiji akaambiwa na wavuvi wenzake alichowafanyia. Hakukwepa. Kanga ilimsaidia Somoe kujua cha kufanya baada ya hapo: wavuvi wakamchangia nyavu, naye akawa analinda mwamba usiku pamoja na doria. Ungekuwa ni kumpiga tu, baada ya wiki mbili angerudi na chupa nyingine, kwa sababu deni liko pale pale.

Baba yao ni dereva wa lori na siku nyingi hayupo. Akiwepo, anasikiliza kutoka sebuleni. Hofu yake ni kwamba ninamlainisha mtoto wa kiume. "Mtaani hakuna Somoe," aliniambia. "Atanyang'anywa gololi, atabaki anauliza mwenzake amekula nini." Ni hofu ya mtu aliyekua akipigwa, na siipuuzi. Nilimjibu kwamba Somoe si mwoga. Anasimama katikati ya anayepiga na anayepigwa, na amewahi kushika mkono wa mtu hewani. Tofauti ni kwamba akishaushika, anauliza.

Na gololi zilinyang'anywa kweli, shuleni, na mvulana mmoja mkubwa kidogo. Kijana wangu alizidai mbele ya mwalimu, akarudishiwa. Jioni, ninamwosha miguu, akaniambia yule mvulana huwa anakuja shule hajala, na saa ya mapumziko anakwenda bombani kunywa maji mengi. Nikamuuliza amejuaje. "Nilimwangalia." Nikauliza kama sasa ni rafiki yake. "Hapana. Simpendi. Lakini nimemjua." Nilimwacha hapo hapo. Kumjua mtu usiyempenda ni kazi kubwa kwa umri wowote, na sikuona sababu ya kumlazimisha apande ngazi nyingine usiku ule.

Kwa mdogo wake mambo ni tofauti, na nadhani wazazi wengi tunawachanganya hawa wawili. Mwaka 1983 watafiti Heinz Wimmer na Josef Perner walieleza jaribio lao maarufu: mtoto kwenye hadithi anaweka chokoleti kabatini, anatoka, mama yake anaihamisha. Akirudi ataitafuta wapi? Wa miaka mitatu husema ataitafuta pale ilipohamishiwa, kwa kuwa wao wenyewe wanajua iko pale. Kuanzia miaka minne hivi ndipo wengi wanaanza kuona kwamba kichwani mwa mwenzao kuna habari tofauti na zilizomo kichwani mwao. Nilijaribu na kashata. Kaka yake akiwa chooni nikaitoa kwenye bakuli nikaiweka kwenye ungo. Nikamuuliza mdogo, kaka akirudi ataitafuta wapi? "Kwenye ungo!" kwa furaha kabisa. Basi kumwambia huyu kwamba Kishindo aliamini hivi kwa sababu hakujua vile ni kumpotezea usingizi. Yeye nampa mwili: Kishindo ana njaa, mkono unamuuma, mtoto wake analia. Hapo ananielewa kuliko kaka yake. Anafika mahali pa kulia, ananyoosha mkono anauweka kwenye goti langu.

Ni yeye aliyetupeleka Ulaya. Bibi yao alikuwa amewasimulia habari za mjusi mkubwa wa Tendaguru, kilima kilichoko kaskazini-magharibi ya mji wetu, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia mwaka 1909 hadi 1913. Mmoja amesimamishwa makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13. Mdogo akauliza kama huko anasikia baridi. Nikaona Somoe amepata safari.

Akaruka mpaka Berlin, akaingia usiku. Kanga isingetosha hata goti la mjusi, akamfunika kidole kimoja cha mguu. Mdogo akasema alisikia baridi. Mkubwa akanyamaza kidogo, halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Nani alimbeba?" Nikamwambia ukweli, kwa maneno ya kitandani. Walimbeba watu wa huku. Mamia ya vibarua walichimba, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ikafungwa vifurushi, wapagazi wakavitwika vichwani, wakatembea siku kadhaa mpaka bandari yetu hapa, na bandarini ikapakiwa melini. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha mwaka 1907 tu, na njaa iliyofuata ilikuwa imemaliza watu wengi kusini. Bibi yao akaongeza kutoka mlangoni kwamba mtu aliyetoka kwenye njaa akabebeshwa jiwe, lile jiwe ni zito mara mbili.

Kijana wangu akajishika kichwani, pale mzigo unapokaa. Akataka kujua kama walipewa maji njiani. Akataka kujua kama wapagazi walijua wamebeba nini. Hatukumrudia mjusi tena usiku ule. Tulikwenda na wapagazi mpaka bandarini, nikiwataja wanachokula, wanapopumzika, anayeimba mbele na anayechechemea nyuma, mpaka nikasikia pumzi zimebadilika ndani ya chandarua.

Tatizo ni Somoe. Amebaki Berlin na kipande kimoja cha kanga, haruki. Mkubwa anasema amwachie mjusi kile kipande kabisa, maana yeye ana mama na mjusi hana. Mdogo hataki hata kusikia: kanga ni ya bibi, irudi. Wamegombana juu ya jambo hilo mpaka kwenye uji wa asubuhi. Juzi baba yao amerudi kutoka safari, akaulizwa kama lori lake linafika Berlin. Hakucheka. Alikaa akachora njia kwenye karatasi, barabara hadi Dar es Salaam, halafu meli, akawaeleza kwamba Somoe itabidi aombe kazi jikoni melini ili apate nauli, na kwamba mpishi wa meli ile ni mkali sana. Kijana wangu akamkatisha: "Mkali kwa nini? Kwao wapi?" Baba yao sasa ana deni la kujibu hilo kesho usiku.