Daftari la Kifaransa: 1593 hatimaye imetoka

Imetoka, wallahi! Miezi miwili nimepigana kutamka kwa Kifaransa mwaka mmoja tu, 1593, Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus. Kila mgeni Mfaransa ninayemtembeza pale huuliza ngome ni ya lini, nami huishia kumwandikia kiganjani.

Mille cinq cent quatre-vingt-treize. Kuikata si kazi: mil-sẽ-sã-ka-tre-vẽ-trez, silabi saba (kiwimbi changu ni alama ya king'ong'o, irabu inayopitia puani). T na r haziachani, mnajua. Balaa ni n. Sisi n yetu hurukia mbele: ki-ta-nda, ka-nzu, Ki-li-ndi-ni. Yao hubaki nyuma ikazama ndani ya irabu, ulimi usiguse popote. Mimi nikiona vingt ulimi wapanda wenyewe, natoa "vengiti". Cinq cent ikawa "senki senti", kama konda anayedai chenji.

Programu ya kujifunzia Kifaransa iliyonipa nyota tano kwa hiyo "senki senti" nimeifuta. Kinasa sauti cha simu ndicho kisichobembeleza mtu.

Kilichoniokoa ni kijiti cha mshikaki. Nimekiuma kikingamane na mdomo, ulimi chini yake, nikasema "se" huku pumzi nyingine ikipitia puani. Ulimi haukupata pa kupandia. Mama akauliza toka jikoni, "Mwanangu, mafua yamekushika?" Hapo nikajua nimefika.

Cinq na vingt zina irabu moja, midomo yatanuka kidogo. Cent taya lashuka. Hizo bado nazichanganya nikiwa na haraka.

Wiki hii nilipanga kuunganisha maneno, les amis (marafiki) iwe le-za-mi. Sijagusa. Nilinaswa na bon na bonne ("-zuri", ya kiume na ya kike): ya kwanza n imezama, ya pili imefufuka na ulimi wapanda, ingawa ile e ya mwisho haitamkwi. Na animal ni a-ni-mal, n imepata irabu mbele, ikaruka kama yetu! Basi usiku tatu nachambua maelezo yangu yote ya matembezi kwa kalamu nyekundu, n moja moja: hii yazama, hii yaruka.

Nimekwama kwa océan Indien, Bahari ya Hindi. O-sé-ã-ẽ-dyẽ, ving'ong'o vitatu vimefuatana, viwili vya mwanzo havina hata konsonanti ya kuvitenga. Kila mara nachomeka n katikati, "oseanendieni". Na kijiti kimevunjika.